Hapa Si kwa Dobi

Watu walimwita Kadi, na hakuwa na wa kumlaumu ila nafsi yake. Alizigawa kila mahali: kwenye foleni ya benki, kwenye harusi za watu asiowajua, na siku moja, bila haya wala soni, msibani, alipompa mfiwa mkono wa pole na kumwachia kadi kiganjani. Kadi yenyewe ilikuwa nyeusi na nzito. Maandishi yake yalikuwa ya kijivu, madogo kama mayai ya chawa, hivi kwamba aliyepewa ilimbidi aende nayo dirishani kwenye mwanga ndipo ajue kwamba amekutana na Mshauri Mkuu wa Mwonekano wa Biashara. Wengi hawakujisumbua kwenda dirishani.

Mshauri Mkuu hakuwa na mshauri mdogo. Ofisi yake ilikuwa meza moja sebuleni, kati ya friji na cherehani ya mkewe, na friji ikianza kunguruma katikati ya simu, alimwambia aliye upande wa pili kwamba mitambo inafanya kazi. Kazi yake ilikuwa kubuni nembo, vibao na matangazo ya biashara za watu, na tuseme haki, mkono alikuwa nao. Miaka saba alikaa katika kiwanda kidogo cha uchapaji akitengeneza kalenda, kadi za harusi na vitabu vya risiti, na hakuna aliyelalamika. Aliacha kazi siku mwalimu mkuu mmoja alipoomba namba ya simu ya shule yake ikuzwe kidogo kwenye tangazo. Kadi alisema namba kubwa itaua mchoro, kwamba mchoro unahitaji nafasi ya kupumua. Bosi akasema, kuza. Kadi akachukua kikombe chake cha chai akaondoka, na huu ulikuwa mwaka wa pili tangu aondoke.

Tangu hapo alikuwa anajitegemea. Mkewe alilisikia neno hilo akanyamaza, maana aliyekuwa akitegemewa alijulikana. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili, mtu aliyezoea kusema jambo mara moja tu, na mwaka wa pili ulipokaribia kwisha alilisema.

"Mpaka shule zifungwe," alimwambia. "Ukipata mteja mmoja wa kweli, mmoja tu, anayekuja na kurudi, sitatia neno. Usipopata, Jumatatu inayofuata unakwenda dukani kwa kaka yangu."

"Unaniwekea siku kama mshtakiwa?"

"Nakuwekea koti," mkewe akasema.

Kaka mtu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi: misumari, mabati, makopo ya rangi hadi darini. Muuzaji wake wa kaunta alikuwa ameondoka kwenda kufungua duka lake mwenyewe, na nyuma aliacha koti la kazi la kijivu, lenye jina la duka limeshonwa mfukoni na harufu ya tapentaini iliyogoma kutoka. Shemeji alilileta mwenyewe, amelikunja ndani ya mfuko, akaliweka juu ya meza ya Mshauri Mkuu, juu kabisa ya kompyuta. "Lipelekeni kwa dobi kwanza, shemeji," akasema kwa upole wake wote. "Kola ina rangi ya mafuta."

Kadi aliliogopa koti lile kuliko alivyoogopa njaa. Ungempa achague kati ya kulivaa na kung'olewa kucha, angeuliza kwanza kucha ngapi. Usiku alijiona ndani yake, amesimama nyuma ya kaunta, na wale wote aliowapa kadi wanaingia mmoja mmoja kununua misumari.

Lakini mkewe naye aliunga mkono, na mke akisema kitu kipelekwe kwa dobi, kinapelekwa. Alimwelekeza kwenye jengo la ghorofa tatu mkabala na kituo cha mafuta. Kadi alilifikia bila taabu, akaona kibao cha buluu juu ya lango kuu kimeandikwa DOBI, akaingia langoni, na mbele yake hakukuwa na kitu ila ngazi. Akapanda. Juu kulikuwa na mlango mmoja, na mlangoni karatasi: HAPA SI KWA DOBI.

Mtu mwingine yeyote angeisoma karatasi ile na kugeuka. Kadi aliitazama kwa huruma. Herufi ziliandikwa kwa kalamu ya kawaida, zikarudiwa na kurudiwa mpaka karatasi ikataka kutoboka. Mstari ulipanda kulia kama mgonjwa anayejaribu kuinuka. Herufi ya mwisho ya DOBI ilikosa nafasi ikabanwa pembeni, nyembamba kuliko wenzake, na karatasi nzima ilishikizwa kwa plasta ya kufungia vidonda. Watu hawana aibu, Kadi akawaza. Kisha akasukuma mlango akaingia.

Ndani kulikuwa na watu wanne kwenye benchi, kila mmoja ameshika shavu. Aliwagawia kadi, akaketi, akasubiri zamu yake kwa utulivu wa mtu anayejua dobi mzuri huwa na foleni. Baada ya robo saa muuguzi akafika kwake na daftari.

"La juu au la chini?"

"La kijivu," Kadi akasema, akafungua mfuko.

Muuguzi alilitazama koti, akafumba macho kidogo, akayafumbua. "Hapa kwa daktari wa meno, kaka. Dobi, shuka, toka nje, zunguka nyuma upande wa kulia, utaona ngazi za kwenda chini. Nasema maneno haya kila siku mpaka mate yananikauka. Hukuiona karatasi mlangoni?"

"Nimeiona. Nani aliiandika?"

"Mimi."

"Herufi ya mwisho umeibana," Kadi akamwambia, akamwachia kadi.

Alizunguka nyuma, akapita kwenye uchochoro wa mapipa ya maji, akashuka ngazi sita, na mvuke ukampiga usoni. Chumba kilikuwa kirefu na cha chini. Mashuka ya hoteli yalirundikwa meupe mpaka kwenye mabomba ya juu, wanawake wawili walipiga pasi bila kuinua vichwa, na nyuma ya kaunta alikaa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Wateja walimwita Mama Pasi. Alilipokea koti, akaligeuza kola, akasugua doa kwa ukucha, na alipokuwa akiandika risiti akauliza bila kuinua macho:

"Njia umeipata bila shida, mwanangu?"

Hapa inabidi nieleze habari ya kozi, la sivyo utadhani mtu huyu alikuwa na wazimu. Miezi mitatu kabla, Kadi alikuwa amesoma kwenye simu kozi ya wiki mbili ya namna ya kumnasa mteja mkubwa. Aliyefundisha alikuwa mwanamume mwenye meno meupe mno, aliyezungumza akitembea ufukweni, na ambaye kwa wiki zote mbili hakuonyesha hata kazi moja aliyowahi kumfanyia mtu. Kanuni zilikuwa kumi na mbili. Ya kwanza ilisema usimuulize mteja anataka nini, kwa sababu mteja hajui. Ya tatu ilisema mtaalamu haonyeshi udhaifu. Ya tano ilisema usionekane huna kazi hata siku moja, daima uwe unatoka kwa mteja mwingine aliye mkubwa zaidi. Kadi alizikariri zote akapewa cheti, akakitundika juu ya friji.

Kwa hiyo Mama Pasi alipomuuliza kama alipata njia, Kadi alijibu kwa kanuni ya tatu. "Bila shida kabisa, mama."

Mama Pasi akainua macho. "Basi wewe ni mgeni wa kwanza kufika wiki hii," akasema, na Kadi akapokea maneno yale kama sifa.

Aliangaza macho chumbani. Biashara nzima, mashine nne, mashuka ya hoteli, na hapakuwa na nembo hata kwenye risiti. Mshipi ulikuwa mkononi na samaki huyu hapa. Akatoa kadi. Mama Pasi akavaa miwani, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akashindwa, akaiweka chini ya kikombe cha vifungo. "Unafanya kazi gani, mwanangu?"

"Nazipa biashara sura, mama."

"Aa. Maana sisi wateja wa zamani tunao, ila wapya siwaoni. Wanapotelea huko huko nje."

"Nipe wiki moja," Kadi akasema, na hakutaka kusikia zaidi.

Mama Pasi alikuwa na la kusema bado, mdomo wake ulikuwa wazi, lakini Kadi alikuwa amekwishainua kiganja kama anavyoinua yule wa ufukweni. Wakakubaliana Alhamisi, saa tisa alasiri, mzigo wa hoteli ukishaondoka. Koti nalo lingekuwa tayari siku hiyo. Shule zilikuwa zinafungwa Ijumaa.

Wiki ile Kadi alilivalia jambo lile njuga. Alikunywa chai mezani, akala mezani, na mkewe akarudi kutoka shule kila siku akamkuta amesogea inchi moja karibu zaidi na kioo cha kompyuta. Alichora nembo ambayo ilikuwa tone la maji, na tone hilo ukilitazama vizuri lilikuwa wingu, na wingu hilo ukiinamisha kichwa lilikuwa shati lililokunjwa. Neno dobi alilifuta. Lilikuwa neno la kizamani, la watu wa ndoo. Mahali pake akaweka Weupe, kwa herufi nyembamba za kijivu hafifu juu ya nyeupe, nafasi ikipumua kila upande. Kisha akafanya wanavyofanya wenzake wote wa kazi hii wanapokwenda kujinadi: akaibandika nembo kwa kompyuta kwenye picha za vitu. Akaiweka kwenye kofia, kwenye mwavuli, kwenye lori jipya, kwenye jengo la vioo la ghorofa ishirini, na mwisho, mkono ukiwa umekolea, kwenye mkia wa ndege.

"Ulimuuliza anachotaka?" mkewe akauliza, amesimama nyuma yake na rundo la madaftari.

"Mteja hajui anachotaka."

"Na wewe umejuaje?"

"Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

"Wangu wana miaka saba na kweli wengi hawajui wanachotaka," mkewe akasema. "Lakini nikitaka kujua nani anataka kwenda msalani, huwa nauliza." Akaenda kusahihisha madaftari yake chumbani.

Alhamisi ilipofika Kadi alitoka amevaa suti ya harusi yake, kompyuta begani na projekta ya kuazima mkononi. Safari hii hakupanda ngazi, hakuwa mjinga kiasi hicho. Alikumbuka neno nyuma akazunguka nyuma. Neno kulia hakulikumbuka, akashika kushoto. Akakuta mlango, akaufungua kwa tabasamu, akajikuta mbele ya watu ishirini kwenye viti vya plastiki na mwalimu wa udereva aliyeshika fimbo. Ukutani kulikuwa na alama za barabarani. Fimbo ilikuwa juu ya mshale.

"Mshale huu unamwambia dereva nini?" mwalimu alikuwa anauliza.

"Njia iko huku," darasa likaitikia.

Kadi aliutazama mshale ule. Aliona kwamba kichwa chake kilikuwa kinene mno kwa mkia wake, na kwamba nyeupe ile haikuwa nyeupe ya siku hizi. Mwalimu wa udereva alimtazama yeye, suti na projekta, akashusha fimbo.

"Wa dobi?" akauliza, kwa sauti ya mtu aliyelizoea swali hilo. "Toka, kata upande wa pili, shuka."

Alifika amechelewa dakika kumi na tano, shati limemganda mgongoni. Mama Pasi alikuwa amemwekea kiti na glasi ya maji.

"Samahani, mama. Nilikuwa na mteja mwingine. Mkubwa sana, hakutaka kuniachia."

"Aa," Mama Pasi akasema. "Mimi nilidhani umepotea."

"Mimi?" Kadi akacheka kidogo.

Wapiga pasi walimsaidia kutundika shuka la hoteli ukutani liwe kioo. Taa ikazimwa, projekta ikawaka, na Mshauri Mkuu akaanza, kama wanavyoanza wote wa aina yake, kwa kujieleza yeye. Picha nane za kwanza zilimhusu yeye: amekunja mikono, ameegemea gari la mtu, ameshika kidevu, cheti chake, cheti chake kwa karibu. Kisha zikaja picha tano zenye neno moja moja. Imani. Safari. Nafsi. Mama Pasi alikaa mikono mapajani, mtulivu kama mtu anayesubiri mashine imalize mzunguko. Ndipo vikaanza kupita kofia, mwavuli, lori na ghorofa, na mwisho ndege ikajaa shuka lote.

"Hii ndege ni ya nani?" Mama Pasi akauliza.

"Yako, mama."

"Mimi nina ndege?"

"Ni mfano."

"Na lile lori?"

"Mfano."

"Ghorofa nalo?"

"Mfano vilevile, mama."

"Sasa katika vyote hivi, kilicho changu ni kipi?"

"Nembo," Kadi akasema, akarudi nyuma picha kadhaa kuionyesha. "Ni tone, mama. Na ni wingu. Na ukiinamisha kichwa hivi, ni shati."

Chumba kizima kikainamisha kichwa. Mashine moja ikamaliza kuzungusha ikanyamaza.

"Mimi naona kitunguu," mpiga pasi mmoja akasema.

Mama Pasi hakucheka. Alisogeza kiti mbele kidogo na kuongea naye kama anavyoongea mtu na mtoto wa dada yake, bila haraka. "Mwanangu, naomba nikuulize. Mtu yuko pale kituo cha mafuta na mfuko wake wa nguo. Akiliona hili jina lako, Weupe, atajua mlango wangu uko wapi?"

"Hilo ni jambo dogo, mama. Tutalifikia awamu ya tatu."

"Awamu ya tatu ni lini?"

"Tukishajenga imani."

"Imani ninayo," Mama Pasi akasema. "Ninachotaka ni mshale. Mkubwa, mwekundu, pale mbele chini ya kibao, unaoonyesha nyuma. Na mwingine pale kwenye kona. Watu wanapanda kwa daktari wa meno, wanaingia kwa wale wa udereva, wanachoka, wanarudi na nguo zao nyumbani. Hicho tu ndicho kinachoniua. Unaweza kunichorea mshale?"

Kazi ilikuwa mbele yake, imeinama, inasubiri aichukue. Angesema ndiyo, mama. Angesema hata mimi nimepotea, mama, na suti hii unayoiona imelowa kwa sababu hiyo. Siku mbili za kazi ya mkono, na baada ya mshale risiti, na baada ya risiti vibandiko vya mifuko ya hoteli, mteja wa kweli anayekuja na kurudi. Badala yake akasikia maneno ya yule wa ufukweni yanamtoka kinywani.

"Mama, mimi sichori mishale. Mishale anachora hata yule mzee wa vibao wa barabarani."

Wapiga pasi wakaacha pasi. Mama Pasi akainuka, akavaa miwani yake, akapita chini ya kamba za nguo na kurudi na kitu ndani ya nailoni, kimetundikwa vizuri kwenye henga.

"Basi koti lako liko tayari," akasema. "Doa la kola lilisumbua, lakini limetoka."

Kadi alilipokea. Katika kanuni zote kumi na mbili hapakuwa na hata moja ya kupokea koti. Mpiga pasi mmoja akalichomoa shuka ukutani kwa sababu lilikuwa la hoteli na lilihitajika, na nembo ikabaki imeangukia juu ya orodha ya mito na taulo iliyobandikwa ukutani, tone, wingu na kitunguu. Akakunja waya za projekta. Aliona aibu, ile aibu ya kweli inayochoma uso, na kwa kuwa hakuizoea alidhani ni mvuke.

Mkewe alimfungulia mlango, akaliona koti likitangulia kuingia. Alilipokea, akalinusa kola. "Limetoka vizuri," akasema, akalitundika nyuma ya mlango wa chumba, mahali ambapo mtu akiamka huona kitu cha kwanza.

Jumatatu alilivaa. Lilimtosha, na hilo lilimuudhi kuliko kama lingembana. Asubuhi ile ile alimuuzia mtu makopo mawili ya rangi ya maji ya ndani kwa sababu aliona buluu yake imetulia, na mchana mtu yule akarudi nayo kwa hasira, maana alitaka kupaka bati la paa. Shemeji alimbadilishia mteja makopo yake, akamsindikiza hadi mlangoni, kisha akaja kwa Kadi na upole wake ule ule.

"Shemeji, hapa kwetu tunaanza kwa kuuliza. Unapaka nini? Kiko ndani au nje? Ni bati, ni mbao, ni ukuta? Mtu akishakujibu, hata huhitaji kumshawishi, mkono wenyewe unakwenda kwenye kopo."

Kadi aliuma meno. Lakini kaunta ni mwalimu mkali kuliko mkewe, na kufikia Alhamisi alikuwa anauliza bila kujisikia, bati au mbao, ndani au nje, kama mtu aliyezaliwa ndani ya koti la kijivu.

Alhamisi hiyo ndipo akaingia mzee mmoja mwenye kofia iliyopakaa rangi za miaka yote, kucha zake nyekundu kwa buluu. Kadi alimjua. Alikuwa yule mzee wa vibao, anayekaa kando ya barabara na brashi zake ndani ya kopo la maziwa, ambaye Kadi alikuwa akimpita kila siku bila kumpa hata salamu. Alikuwa mtu pekee wa mtaa ule ambaye hajawahi kupewa kadi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nipe nyekundu."

"Unapaka nini?"

"Mshale," mzee akasema.

Mkono wa Kadi ulikuwa umeshafika rafuni. Ukabaki pale pale. "Wa wapi, mzee?"

"Pale kwa daktari wa meno. Wa yule mama dobi. Ni ukuta, uko nje, jua linaupiga mchana kutwa."

"Uliipataje kazi hiyo?"

Mzee aliegemea kaunta. Hakuonekana mtu wa kukataa kusimulia. "Kuipata? Mimi nilipeleka suruali. Nikapanda ngazi, nikakuta watu wameshika mashavu. Nikashuka, nikaingia kwa wale wa udereva, wakaniuliza nataka leseni ya lori au ya pikipiki. Nilipofika kwa yule mama nimechoka. Akaniuliza, baba, njia umeipata? Nikamwambia, mama, nimepotea mara mbili, na mji huu nimeishi miaka arobaini na vibao vya nusu ya maduka nimeandika mimi. Yule mama akakaa chini. Akasema yeye humuuliza kila mgeni swali hilo hilo na kila mgeni humjibu kwamba hakupata shida, eti hawataki kuonekana washamba. Akaniambia kesho njoo na brashi."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Sasa daktari wa meno naye anataka wake, na yule wa udereva. Na mama anataka risiti ziwe na jina, na mifuko ya hoteli. Nimemwambia pole pole, mama, mkono ni mmoja."

Kadi alilishusha kopo. Alilifuta vumbi kwa kipande cha kitambaa, upande mmoja, kisha upande wa pili, muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

"Hata mimi nilipotea pale," akasema. "Mara mbili."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia nilikuwa na mteja mwingine. Mkubwa."

Mzee alimtazama usoni, akalitazama koti, na jina la duka lililoshonwa mfukoni, akarudisha macho usoni. Laiti angecheka, Kadi angepata pa kushikia hasira. Alichukua tu kopo lake, akalipima uzito kiganjani, akafika mlangoni, kisha akageuka.

"Naona nitahitaji nyingine wiki ijayo. Una namba?"

Mkono wa Kadi uliingia mfukoni wenyewe, kwa mazoea. Kadi ilikuwamo, moja, ya mwisho. Mzee aliipokea kwa adabu, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akatoka nayo nje kabisa kwenye jua, akarudi.

"Sioni kitu, mwanangu. Hebu niandikie hapa kwenye kifuniko. Kubwa."

Kadi alichukua kalamu ya wino mzito ya kuandikia mabati. Aliinama juu ya kopo, ulimi katikati ya meno, akaiandika namba ya duka kubwa kadiri kifuniko kilivyoruhusu, tarakimu kwa tarakimu, akaikoleza mara mbili ili ionekane vizuri. Ya mwisho ilikosa nafasi, akaibana pembeni.